Vigelegele Kabla ya Matokeo

Jamani, mtaa umenipa shahada kabla ya maprofesa!

Leo nimetetea tasnifu yangu ya uzamili, uhandisi wa umeme na kompyuta, kwa video, nikiwa chumbani kwetu kisiwani Amu.

Maprofesa wakasema, "Tupe dakika kumi tushauriane." Wakatoka kwenye skrini.

Mama akachungulia, akaona nimefunga daftari.

Akapiga kigelegele!

Bi Zuhura wa jirani akaitikia. Nyumba ya nyuma nayo. Na nyumba zetu zilivyobanana, mtaa mzima ukaitika.

"Mama, bado!"

Wapi! Sahani za halwa zilishaanza kwenda kwa majirani.

Maprofesa wakarudi vigelegele vimepamba moto. Nikasema, "Samahani, ni mama."

Mwenyekiti wao akacheka: "Umepita. Kuna marekebisho kidogo, lakini hayo usimwambie mama."

Sijamwambia. Na nyinyi majirani mnaosoma hapa, kuleni halwa kimya kimya.