Godoro la Semista

Kaka yangu alishuka kwenye basi katikati ya palizi ya pamba, godoro kichwani. Lililomponza ni hilo godoro. Angekuja na begi tu, tungesema kaja kusalimia. Lakini chuo kikuu tulichokijua sisi wa Bariadi kilifunga mara moja kwa mwaka, na mwezi wa pili haukuwa wakati wake. Huyu kafukuzwa!

Kabla hajanywa maji, majirani walikuwa wameshajaa uani. Mama analia. Jirani mmoja kaleta kuku kabisa.

"Pole, mayu," akamwambia mama kwa Kisukuma. "Usilie, hata kulima ni kazi."

Mimi nilikuwa nacheka, halafu nikakumbuka. Baba alishaapa: chuo kikimtema mkubwa, mdogo naye anaacha shule, anachunga ng'ombe. Mdogo ndiye mimi, kidato cha pili.

"Sijafukuzwa, baba," kaka alisema. "Wameleta mfumo wa nje. Mwaka umekatwa vipande viwili, semista mbili, kila moja na mitihani yake na likizo yake. Ndivyo wanavyosoma Marekani."

"Marekani wanapalilia pamba mwezi gani?"

"Sijui, baba."

"Na godoro, nalo liko likizo?"

"Siku hizi vyumba wanapangishiwa watu wa semina tukiondoka. Ukiliacha hulikuti."

Baba akanigeukia mimi. "Kesho unaamka na ng'ombe."

Kesho yake nikawa nao kando ya barabara, nimenuna kuliko wao. Basi likasimama. Akashuka binti wa katekista, aliye chuo kimoja na kaka, yule anayeshika namba moja tangu darasa la kwanza, ambaye baba humtaja kila akitaka kunitukana. Kondakta akamtupia godoro lake.

Nililidaka mimi.

"Shikamoo dada! Tupitie kwetu kwanza."

"Kuna nini?"

"Wewe salimia tu."

Baba alikuwa mlangoni. Alilitazama godoro, akamtazama binti, akalitazama tena godoro.

"Hata wewe?"

"Shikamoo baba. Ndiyo, tumemaliza semista ya kwanza. Kaka hajawaambia?"

Baba alikaa chini taratibu, akaanza kucheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko. Alipoelewa, akacheka naye, machozi bado yakimtoka. Kuku wa pole alikuwa ameshaiva.

"We mtoto," baba akaniambia, "ng'ombe wako wapi?"

"Barabarani."

"Warudishe. Halafu uvae yunifomu."

Yunifomu ilikuwa kambani, mbichi. Niliivaa hivyo hivyo, asije akabadili mawazo.