Baraza la Mbele

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, karani wa mipango ya mji alimrudishia bibi mmoja wa Ngamiani ramani ya nyumba yake mpya.

"Baraza la mbele limekatwa, bibi. Linaingia njiani."

"Mume wangu hatembei, bwana karani. Asipokaa barazani, nani atamwamkia?"

"Baraza la mji ndilo lililokataa."

"Hilo lenu hukutana kwa barua. Langu hukutana kwa kahawa."

Nami, mpimaji niliyekaa meza ya pili, nikaona, kama ndotoni, mtaa wa kuta nyeupe zilizonyooka, salamu zikipita bila pa kukaa. Barabara tunajua kuipima. Shikamoo yahitaji futi ngapi, hatujui.

Karani alichukua kalamu ya risasi, akausogeza ukuta ndani futi tatu. Chumba kikapungua, baraza likabaki. Bibi akatia dole gumba.