Bastola Fupi ya Baba

Jana hapa Bwera mjukuu wangu aliangusha sufuria jikoni, nami nikaruka kitini hadi chai ikamwagika. Watoto walicheka. Niliwaacha wacheke, wangejuaje? Sasa tangu asubuhi situlii, natoka na kuingia tu, basi acha nikusimulie wewe.

Tuliishi ukingoni mwa Kasese, siku ambazo mji wote ulinuka pamba na samaki wakavu. Kila Ijumaa baba alishuka Kahendero, ziwani, kununua samaki, akarudi kwa miguu kupitia nyikani, kwenye mbogo. Sisi watu wa milimani hubeba kapu mgongoni, mkanda wake ukipita kwenye paji la uso na mikono yote miwili ikiushika. Jirani yetu alikuwa amebeba hivyo hivyo mbogo alipomuua. Baada ya matanga yake, mama hakutulia hata Ijumaa moja, wala mimi.

Baba akahangaikia leseni ya silaha mpaka akaipata. Mkimbizi mmoja kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, zamani mwindaji, akaja kumuuzia. Alitandaza mkekani bastola mbili: moja ndefu ya kung'aa, nyingine fupi, nyeusi, mbaya hata kuitazama. Zote zilikula risasi nene kuliko kidole gumba changu.

"Papa, kamata hii murefu," alisema. "Hata mbogo ikiwa mbali, inaanguka."

Baba alikuwa keshaipenda. Ungemwona anavyoipangusa kwa shati! Lakini bibi, mama yake, aliweka chini mihogo aliyokuwa akimenya. "Beba muzigo kwanza, mutoto wangu. Mbogo haitangoja utue kapu."

Akajaza kapu mawe, akamvika mkanda, akamwambia achomoe bastola kiunoni akisikia mlio, kisha akamzunguka kwa nyuma na sufuria na mwiko. Paa! Ile ndefu ilinasa kwenye mshipi, kapu likamwangusha baba chali. Tulicheka hadi machozi. Paa! Ile fupi ilitoka mara moja. Alipoijaribu kwenye kichuguu ilimtegua kifundo cha mkono, kikavimba wiki nzima, ila bibi alishaamua.

Tangu hapo kila Alhamisi jioni, mihogo ikichemka, bibi alimnyemelea na sufuria yake. Baba anachota maji, paa! Anafunga mbuzi, paa! Mkono uliruka wenyewe kiunoni. Na kweli ulimwokoa: Ijumaa moja alirudi bila kapu, tope hadi masikioni, akasema mbogo alitokea hatua tano tu mbele yake, naye akamwahi kwa risasi. Mama alipiga magoti kushukuru. Bibi aliguna tu kwamba wiki ijayo ataongeza mawe, na nampenda kwa hilo hadi leo.

Kisha jeshi likachukua nchi, tukaamriwa kurudisha silaha. Baba alirudisha bastola, akapewa karatasi. Mkono wake haukuijua karatasi hiyo.

Siku ile nilikuwa naye sokoni Kasese, askari wakipekua makapu. Baba amebeba samaki, mkanda kwenye paji la uso. Nyuma yetu muuza vyombo akaangusha sufuria. Mkono wa baba ukaruka kiunoni.

"Wewe! Mikono juu!"

"Afande, hakuna kitu, iko mazoea tu..."

Wakampakia kwenye lori. Kapu lilibaki pale, nikaliburuta hadi nyumbani peke yangu. Tulimngoja Ijumaa hiyo, na nyingine, na nyingine, hadi mama akaacha kumwekea chakula.

Bibi alilisema mara moja tu: "Ni mimi nilimufundisha." Kisha akaigawa ile sufuria, akawa anapika kwenye chungu cha udongo, akikoroga polepole.

Siku hizi samaki wa Kahendero huletwa kwa bodaboda, na wajukuu wangu hawaujui mkanda wa kapu. Nashukuru kwa hilo. Lakini Alhamisi jioni, mihogo ikichemka, siwezi kukaa. Nasimama mlangoni, natega sikio, nataka bibi apige mara moja tu, nimwone baba akiruka.