Mwezi wa Kipande

Kwenye kiwanda cha matofali cha Elisabethville, mwezi ulikuwa siku thelathini za kazi zilizochorwa kwenye kipande, kadi ya kazi, na mshahara ulitoka zikijaa zote. Jumapili haikuhesabiwa, wala siku ya ugonjwa. Kodi ya chumba changu ilidaiwa kila tarehe mosi. Safari hiyo homa ilinilaza juma zima, na tarehe mosi mama mwenye nyumba akaja mlangoni. Nikamwambia:

“Mama, mwezi yangu haiyaisha.”

“Weye uko na mwezi yako peke? Basi tafuta na nyumba yako.”

Majirani walicheka, nami nikacheka kidogo. Nilikunja mkeka, nikampa ufunguo. Siku zilizobaki kwenye kipande nililala kando ya tanuri la matofali. Palikuwa na joto. Mshahara ulipotoka, chumba kilikuwa na mtu mwingine.