Mbuzi Mia Tatu Kwenye Wingu Langu

Kampuni inayotunza picha za simu yangu mtandaoni iliniandikia kwa Kifaransa cha adabu sana, kile cha kumtoa mtu nje huku umemshika bega. Nafasi ya bure imepunguzwa. Akaunti yako imezidi kiwango. Usipolipia au usipopunguza ndani ya siku thelathini, tutaanza kufuta, na tutaanza na vya zamani. Niliisoma nikimwogesha binti yangu uani kwetu mtaa wa Musinzira, Gitega, mkono mmoja una sabuni, mwingine una simu, nikatukana mpaka jirani akazima redio yake asikie vizuri.

Vya zamani! Vya zamani ndivyo nilivyokuwa navitaka. Mama yangu alifariki mwaka jana kwetu Gashoho, na picha zake akiwa na mtoto wangu, zote kumi na tisa, zilipigwa na simu ambayo mtoto huyohuyo aliitumbukiza kwenye sufuria ya maharage yakichemka. Maharage tuliyala. Simu haikuwaka tena. Nilijifariji kwamba picha ziko kwenye wingu, kwa sababu fundi wa Muyinga aliyeniuzia ile simu, na hii ya sasa pia, aliniambia: "Maman, hata simu ikikufa, picha iko juu, bure, mpaka Yesu arudi."

Yesu hajarudi.

Kulipia nilijaribu. Wanataka kadi ya benki ya kulipia vitu vya nje, na kadi pekee niliyo nayo mimi ni ya chanjo ya mtoto. Basi nikaamua kupunguza. Kwa mara ya kwanza maishani nikafungua hilo wingu, nione nimelijaza nini.

Nikakuta mbuzi.

Wa kwanza alikuwa mweusi, amefungwa kwenye mti wa kahawa, anaitazama kamera kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kusema kweli, mbuzi mmojammoja nilikuwa nimewahi kuwaona kwenye simu, nikadhani wamekuja nayo kutoka kiwandani, kama inavyokuja na milio. Usinicheke. Sekondari nimesoma Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na chumba cha kompyuta kilikuwa na kufuli miaka yote, ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri.

Lakini hawa walikuwa kama mia tatu. Baada ya mbuzi zikaja nguo: magauni ya harusi, kanzu, sare za shule, zote zimetundikwa kwenye mlango uleule wa bluu. Baada ya nguo zikaja video za kwaya, arobaini na moja, kila moja saa nzima au zaidi. Nikamwita mume wangu.

"Wewe una mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

"Una mwanamke anayefuga mbuzi?"

Akaiangalia simu, akaniangalia mimi. Mume wangu ni mzaliwa wa Gitega, Kiswahili chake ni cha hapahapa. "Mi mwanamke iko moja," akasema, "na hiyo moja inanitosha mpaka inabaki."

Petroli ilipopatikana tena mjini nilipanda gari la Muyinga kupitia Karuzi, mtoto mgongoni. Fundi nilimkuta sokoni kwenye kibanda chake, ameinamia simu ya mtu na bisibisi mdomoni.

"Maman! Karibu. Simu iko na shida?"

"Shida ni wewe. Mbuzi wa nani wako kwenye akaunti yangu?"

Hata hakushtuka. "Aa, ile si yako, maman. Ile ni ya wateja wote."

Ndiyo hivyo. Kumfungulia kila mteja akaunti yake kulikuwa kunamchosha. Inataka namba ya mteja, inatuma ujumbe, mtandao unakatika, mteja anakasirika anaondoka. Kwa hiyo alifungua moja, neno la siri moja, akaipachika kwenye kila simu aliyouza. Tulikuwa tumelala chumba kimoja bila kujuana. Kambini tulibanana pia, lakini walau asubuhi tulisalimiana.

"Na uliiacha ipandishe picha kwa megabaiti zangu?"

"Ndiyo, maman. Ili zisipotee."

Miaka mitatu nilikuwa namgombeza mume wangu kwamba ananimalizia megabaiti. Sijamwomba radhi mpaka leo, na akisoma hapa asitarajie.

Nikamwambia fundi awaite wote. Nilimwambia kwa sauti iliyofika upande wa wauza samaki. Kesho yake wakaja watatu, ndio waliokuwa bado wanaitumia ile akaunti: mama muuza mbuzi wa Gashoho, ambaye huwatumia wanunuzi picha kabla ya siku ya soko, mshonaji kutoka mtaa wa Waislamu pale mjini, mwenye utepe wa kupimia shingoni, na kiongozi wa kwaya ya kanisa letu la Gashoho, mkimbizi aliyerudi kutoka Tanzania kama mimi.

"Futeni," nikasema.

"Salamu kwanza, dada," mshonaji akasema.

"Amahoro. Futeni."

Muuza mbuzi akaweka mikono kiunoni. "We! Mbuzi wangu waliuzwa, wakaliwa. Kilichobaki ni picha. Unataka uwachinje mara ya pili?"

"Mia tatu wa nini, mama?"

"Na wewe mtoto wako mmoja, umempiga picha ngapi?"

Watu wa kibanda cha jirani wakacheka. Mshonaji naye akaeleza kwamba mteja huja akasema nishonee kama la shangazi yangu, sasa yeye ataonyesha nini, mlango mtupu? Tena yeye alikuwa ameshaanza kuhama: amefungua kundi la kuchati lenye mtu mmoja, yeye mwenyewe, na anajitumia picha humo.

"Na simu ikifa?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Basi kundi limefiwa."

Fundi akaingilia. "Bon, msigombane. Iko kampuni ingine, inatoa giga mingi kuliko hii. Bure."

"Mpaka Yesu arudi?"

Akarudisha bisibisi mdomoni.

Nikamgeukia kiongozi wa kwaya, maana yeye ndiye aliyekuwa anakula nafasi kuliko mbuzi wote na magauni yote. "Video arobaini na moja za mazoezi! Mnarekodi nini, na kuimba hamjui?"

"Ndiyo maana tunarekodi," akasema kwa upole. "Tukijua tutaacha."

"Zifute."

"Nitazifuta, mdogo wangu. Ila moja uitazame kwanza."

"Sina saa nzima ya kusikiliza besi zenu."

"Dakika ya ishirini na mbili tu."

Akaifungua. Kanisa letu, mabati yetu, mvua inapiga juu. Safu ya pili, mama yangu. Binti yangu yuko mgongoni kwake, bado mdogo, kichwa kimelegea. Kumbe nilipokuwa namtembelea Gashoho na kumwachia mtoto niende sokoni, alikuwa anakwenda naye mazoezini. Kwaya inaimba, ikiwa hiyo ni kuimba. Mara mama akatoka kwenye safu, akainua mkono kama polisi wa barabarani.

"Simameni! Nyinyi besi, mnaimba au mnasukuma gari?"

Sauti ya kiongozi nyuma ya kamera: "Mama, tuendelee."

"Hatuendelei! Mjukuu wangu ameamka. Akilia leo, mama yake atakuja hapa, na hapo mtalia nyinyi. Yule nimemzaa mwenyewe, namjua."

Kwaya nzima ikacheka, na mama akacheka nayo, mdomo wazi kabisa, pengo lake la mbele nje. Kwenye picha zangu zote kumi na tisa amefunga mdomo. Alikuwa anaficha hilo pengo. Mama yangu, ambaye hakuwahi kunyamaza hata kwenye ibada, mimi nilikuwa nimemhifadhi akiwa bubu.

Binti yangu akachungulia juu ya bega langu. "Mama, huyo anagomba."

Muuza mbuzi akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge.

"Hiyo haifutwi," nikasema.

"Maman, hiyo ndiyo nzito kuliko zote," fundi akasema. "Iko saa moja na nusu."

"Nimesema haifutwi!"

"Ehee!" muuza mbuzi akapata nguvu tena. "Basi na yule wangu mweusi hafutwi."

Nikakaa kwenye benchi la fundi na kuanza kufuta vya kwangu. Mtoto amelala. Mtoto amelala. Mtoto amelala, ila kwa upande wa pili. Nilikuwa na picha elfu moja na zaidi za mtoto amelala, na kidole gumba kiliniuma mpaka jioni. Muuza mbuzi alikaa pembeni akihesabu kwa sauti, ili nisikie.

Fundi hakutoka pale mpaka amemfungulia kila mtu akaunti yake, kwa namba yake. Mtandao ulikatika mara nne na mara zote nne nilikuwa nimesimama juu ya kichwa chake. Mimi nilichagua ile kampuni nyingine, ila sikuishia hapo, kwa sababu safari hii nilisoma maandishi yao madogo, nao pia wameandika kwamba wanaweza kubadilisha wakati wowote. Kwa hiyo video ya mama na picha zake ziko pia kwenye memori kadi, ndani ya kikasha cha hereni, juu ya kabati, mbali na mtoto na maharage. Na nakala ya tatu ni ya kiongozi wa kwaya. Yeye ndiye ninayemwamini kuliko wote. Mtu anayetunza mazoezi arobaini na moja mabaya hawezi kutupa kitu.

"Tuachie na sisi nakala," aliniambia tukiagana. "Tangu afe, hatujapata wa kutusimamisha."

Sasa binti yangu hakubali kuoga bila kuitazama ile dakika. Juzi nilikuwa nampaka sabuni, jirani amefungulia kwaya ya Jumapili kwenye redio, mtoto akasimama kwenye beseni, mkono juu, povu mpaka masikioni, akapaza sauti kuelekea uani kwao: "Nyinyi besi! Mnaimba au mnasukuma gari?"

Jirani akazima redio.