Diwani wa Ngomani

Mume wangu Bujiku amegombea udiwani mara tatu kupitia Chama cha Jembe Jipya, na mara zote tatu ameangushwa. Sikidharau chama cha watu, lakini hapa kijijini kwetu, jirani na Dutwa, chama chenyewe ni yeye, na mimi ninayewapikia wageni wake. Tangu kianzishwe hakijapata hata mwenyekiti wa kitongoji. Safari hii ya tatu aliniambia, "Kwandu, nikikosa tena, narudi kwenye pamba, siasa basi." Nikamwombea kweli, maana huyu mwanaume hana anachokitaka duniani zaidi ya kuitwa diwani.

Basi akajiona mjanja. Siku ya kufunga kampeni akawaita wacheza ngoma wa kundi la Bagalu. Mgombea wa chama kikubwa kusikia hivyo, naye akawaleta Bagika, mahasimu wao tangu enzi za mababu, wakapiga kambi ng'ambo ya barabara. Sasa sisi Wasukuma, ngoma zikishindana hatuhitaji jaji. Upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda. Watu wakaanza kuhama kule wakija kwetu, wakahama, wakahama, mpaka yule bwana akabaki na mafundi wake wa spika. Bujiku akabebwa juujuu hadi nyumbani. Nililia kwa furaha, siwezi kuficha.

Kura zilipohesabiwa, Bujiku akawa wa mwisho.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nikamfuata Ngassa, jirani yetu, ambaye ndiye aliyembeba Bujiku mabegani siku ile.

"Kura yako ulimpa nani?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Shemeji, si tulishamshindisha Bujiku uwanjani? Kura nikampa yule mwingine. Alishaaibika vya kutosha, masikini."

Nikaenda kwa Esteria, mke wa mchungaji, mtu mwenye akili zake. Jibu lilelile, tena kwa upole. Nikarudi nyumbani kichwa kinaniuma. Walituonea au walituheshimu? Mpaka leo sijui, na anayejua aje anieleze taratibu.

Kesho yake alfajiri Bujiku akatoa ng'ombe zizini, akaanza kuwafunga nira aende shambani. Ndipo akaingia bibi mmoja wa kitongoji cha pili, mama mzee Mwandu, na ndoo tupu mkononi.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. "Pampu ya kisima imekufa tena. Diwani yupo?"

Nilitaka kumwambia diwani aliyechaguliwa anaishi Bariadi mjini, apande basi amfuate huko. Nikageuka. Bujiku amesimama katikati ya ng'ombe wake, ananitazama, nira mkononi.

"Yupo, mayu," nikasema. "Mngoje avae viatu."