Fisi Niliyemfukuza Busi

Nafundisha uandishi katika chuo kimoja hapa Dodoma. Juzi niliwaambia wanafunzi waandike maisha yao bila kujipamba. Rehema akaandika jinsi alivyoogopa giza utotoni. Nikamwambia kisa chake hakina uzito. Nikawasomea changu: nilivyochunga mbuzi kijijini Busi, miguu peku, nikamfukuza fisi kwa fimbo. Sauti ilinitetemeka, hata mimi nikaanza kukiamini.

Mama yangu alikuwa amekaa nyuma. Alikuja kunitembelea, nami kwa majivuno nikamwalika darasani anisikie nikifundisha.

Nilipomaliza, akauliza kwa upole, “Mwanangu, mbuzi gani hao? Si wewe uliyekuwa ukimkimbia hata jogoo wetu?”

Rehema akanyoosha mkono.

“Mwalimu, kwa nini hukutuandikia habari za huyo jogoo?”